Taili za jikoni kwenye sakafu korofi: piga magoti kwanza, dukani utaenda baadae

Nlipouinua ule mkeka jikoni kwa nyanyangu, Majengo ya Mombasa, harufu ilonipiga usoni ilikuwa kama leso mbichi ilosahauliwa ndooni wiki nzima. Ni ile plastiki ya kuviringisha ambayo kila mtu anaiita mkeka wa mbao hata ikiwa na picha ya taili, na huu wetu ulikuwa na picha ya taili, viraba vyeusi na vyeupe vilivyonichukua akili dukani hata sikuuliza swali. Miezi 8 tu. Juu bado ulikuwa unang'aa, chini umeota kuvu nyeusi, na sakafu yenyewe imetoa unga mweupe kama mtu alisukuma chapati pale akaondoka bila kufuta.

Mkeka haukuwa na kosa, na alieniuzia pia sina neno nae. Mimi ndo nlochagua rangi kabla sijaangalia kule chini kuna nini. Zamani lile lilikuwa jiko la uani, baadae wajomba wakaliezeka wakaliunga na nyumba, kwa hivyo nusu ya sakafu ni niru ya zamani, ile simiti ya kulainishwa, ilopigwa juu ya udongo na nusu ni slebu ilomwagwa juzi juzi, na pale zinapokutana kuna ufa unaotoka mlangoni mpaka chini ya sinki. Yani kila ugonjwa wa sakafu unaoujua ulikuwa mle, kwenye chumba cha futi 9 kwa futi 10 na nusu.

Mara ya pili nlifanya kinyume, nikaanza chini ndo nikaenda dukani, na hio kazi imeshapitisha masika mawili haijasumbua. Ntaeleza vile nlivyofanya na pia vile ningefanya kama jiko lingekuwa la aina nyengine, manake la dadangu aliepanga ghorofani Tudor na la shangazi yetu kule Mji wa Kale nayo pia nimeyahangaikia, na kila moja lilitaka kitu chake.

Unyevu ndo wa kwanza

Hapa Mombasa unyevu ndo unaoua sakafu nyingi, kwa hivyo anza nao. Kupima hakutaki mashini. Kata nailoni safi, ile nene kidogo, kipande cha futi moja na nusu kila upande, fagia sakafu ikauke vumbi, ibandike hio nailoni kwa tepu pande zote 4 usiache mwanya, halafu iache angalau masaa 16, bora hata usiku na mchana mzima. Ukiinua ukakuta matone chini yake ama simiti imekuwa nyeusi kuliko pembeni, basi maji yanatoka ardhini. Usipime pahala pamoja tu. Weka kipande karibu na sinki, chengine kwenye ukuta wa nje, chengine katikati. Ikiwa ni cha karibu na sinki peke yake ndo kimelowa, usilaumu ardhi, tafuta bomba linalovuja.

Na wakati wa kupima pia ni hesabu. Ukipima wakati wa kaskazi, jua kali, upepo mkavu, mwezi wa 1 ama wa 2, sakafu itakudanganya, itakwambia mimi ni mkavu kama mfupa, halafu ikifika mwezi wa 4 na wa 5 mvua zimeshika utaona mambo. Mimi ule mkeka wa kwanza nliutandika mwezi wa 2. Kama huwezi kungoja masika basi angalia alama: rangi ya ukuta inayobambuka kuanzia chini mpaka kama magotini, skatingi za mbao zilizooza, na ule unga mweupe.

Huo unga mweupe watu wanaudharau. Nlipomuita fundi wa pili, mzee mmoja mtaratibu hivi, aliinama akaufuta kwa kidole akagusa ncha ya ulimi, akatema, akasema "chumvi hii mwanangu, huu mchanga umetoka bahari." Akaenda kwenye ile nusu mpya ya slebu akakwangua tena, akatikisa kichwa. Kumbe wajomba walipomwaga ile slebu walitumia mchanga wa rahisi, na maji ya kukorogea yalikuwa ya kisima, na visima vya mtaani kwetu vyote munajua ladha yake. Chumvi ikishaingia kwenye simiti inakuwa na tabia mbili: inavuta unyevu kutoka hewani, kwa hivyo sakafu inatoka jasho hata siku ambayo hakuna mvua, na maji yakipanda juu yakakauka inabaki pale kama unga, inasukuma chochote ulichokibandika. Gundi inaachia, rangi inavimba, stika zinajikunja.

Kwa hivyo ukiona chumvi, usifute ukaendelea kama hujaona. Uliza ni kiasi gani na inatoka wapi. Ikiwa ni kidogo unaisugua kwa brashi kavu (kavu, ukiosha kwa maji unairudisha ndani), ungoje wiki chache uone kama inarudi. Ikirudi kwa kasi, pale hapana mkeka wala stika ya gundi itakayoshika.

Dawa ya kweli kwa sakafu ilokaa juu ya udongo ni kuvunja. Najua hakuna anaetaka kusikia. Unachimba, unashindilia mawe, juu unatandika mchanga kidogo ili mawe yasitoboe, halafu nailoni nzito ile ya geji 1000, unaipandisha ukutani pande zote, ndo unamwaga slebu ya kama sentimita 10, kwa mchanga wa mto na maji matamu hata kama ni ya kununua kwa mkokoteni. Sisi tulivunja ile nusu ya niru peke yake. Ile nusu ya slebu mpya mzee alisema ni imara, tuibakishe lakini tusiifunike kwa plastiki.

Kuna njia ya katikati, kupaka epoksi ya kuzuia unyevu, mikono miwili, juu ya simiti ilokwanguliwa vizuri. Inafanya kazi, lakini inataka sakafu imara isiomeguka, na kitu chengine ambacho wauzaji hawasemi ni kwamba maji yakizibiwa njia ya juu yanatafuta njia ya pembeni. Kwenye nyumba ya kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unyevu ule unahamia ukutani. Nimeona nyumba sakafu imepona na ukuta umeanza kumwaga plasta.

Halafu usawa

Chukua lile bapa refu la aluminiamu la fundi wa plasta, ama ubao wowote ulionyooka wa mita 2, ulaze sakafuni ukiuzungusha kama mkono wa saa, uangalie mwangaza unapita wapi chini yake. Pale penye mwanya chomeka kadi za benki. Kadi 4 zikipandana ni kama milimita 3, na milimita 3 kwa mita 2 ndo kiwango ambacho hizi mbao ngumu za plastiki za kubana meno kwa meno, hizi SPC, kwa kawaida zinavumilia. Kadi ya 5 ikiingia bado panacheza, zile meno za kubania zitavunjika moja moja kila ukipita, utasikia tik tik mpaka uchoke.

Lakini hapa nataka kusema kitu. Jiko nyingi za kwetu hazikujengwa ziwe sawa, zimejengwa zikilalia kwenye tundu la maji, manake sisi jiko hatupangusi, sisi tunamwaga ndoo na kusukuma kwa fagio. Ukimwambia fundi kijana asawazishe, anaweka pimamaji anasema "dada, hii iko na shida, iko chini upande mmoja," anaijaza ikawa sawa kama meza, na siku ya kwanza ya kupiga deki maji yanakaa katikati ya jiko yanakuangalia. Mlalo wa kwenda tunduni sio ubovu. Ubovu ni mabonde na vilima. Kwa hivyo kabla ya kusawazisha mwaga ndoo moja, angalia maji yanaenda wapi, chora madimbwi kwa chaki. Hayo madimbwi ndo ya kujaza.

Na ukubwa wa taili unafuata huo mlalo. Taili ya 60 kwa 60 haipindi, ukiilaza kwenye sakafu inayolalia pande mbili utapata pembe zinazotokeza, kidole cha mguu kitajua. Ya 30 kwa 30 inafuata mlalo vizuri, na ndogo zaidi ya hapo inafuata vizuri zaidi. Watu wanapenda kubwa kwa sababu mistari ni michache na jiko linaonekana pana. Kwenye sebule sawa.

Mengine haraka haraka: gonga sakafu nzima kwa kipini cha kijiko, pale panapolia ko ko kama boga pametengana na cha chini yake, lazima patoke. Ukitaka kuweka juu ya taili za zamani, gonga moja moja vile vile, zisizolia mwangwi zikwanguliwe kwa grenda ngozi ya juu itoke, ndo gundi ishike. Niru nyekundu ya zamani pia, ile imekula polishi miaka na miaka, hakuna kinachoshika juu ya nta, lazima ikwanguliwe ama ipigwe shoka vidonda vidonda. Ukikuta viraba vidogo vya plastiki ngumu vilivyobandikwa kwa lami nyeusi kwenye fleti za zamani, usivikwangue wala usivipige grenda, taili za enzi hio mara nyingi zilitiwa asbesto, na vumbi lake si la kuvuta, bora uzifunike zilivyo. Na pima mlango. Taili na simiti yake zikipandisha sakafu sentimita 4, mlango unaofunguka kwa ndani haufunguki tena, na wetu ulikuwa wa chuma kwa hivyo si wa kupiga randa.

Inatikisika ama haitikisiki

Huu ufa wa katikati ndo ulonipa kazi. Ufa unaweza kuwa umekufa ama uko hai. Kujua, paka kitone cha jipsamu juu yake sehemu 3, andika tarehe, ngoja. Sisi tulingoja wiki 6, vitone viwili vikapasuka, maana yake ile nusu na hii nusu kila moja inaenda zake. Ufa wa hivyo hauzibwi ukafunikwa na taili, taili itapasuka pale pale kwa mstari ule ule kama imechorwa. Unapanga taili ili mstari wa grauti, ule unga wa kujazia kati ya taili, uanguke juu ya ufa, na pale badala ya grauti unatia silikoni ya rangi ile ile, inyooke na irudi. Ufa wetu ulikuwa umepinda kidogo, ikabidi tukate taili 7 kuufuata. Ukikaa kwenye kiti hauoni, ukijua unauona.

Kwa shangazi Mji wa Kale ni habari nyengine kabisa. Jiko liko ghorofani, sakafu ni boriti za mikoko na juu yake mawe na chokaa, ya zamani sana, na yeye alikuwa ashapewa hesabu ya taili za marumaru na fundi mmoja hivi. Nlimwambia shangazi hebu ngoja, nikaweka karai la maji katikati, nikamwambia binamu aruke kwa kisigino hatua 2 kutoka pale. Maji yalicheza kama chai kwenye matatu. Sakafu inayocheza hivyo grauti yake haimalizi mwezi. Na uzito: simiti ya sentimita 2 na nusu ni kama kilo 50 kwa kila skwea mita, taili yenyewe kama kilo 18, kwa jiko la ukubwa kama wetu wa skwea mita 8.78 hio ni karibu kilo 600, mifuko 12 ya simiti imelazwa juu ya boriti ambazo hujui mchwa wamekula ngapi, na bado hujaweka pipa la maji, na pipa la lita 200 likijaa ni kilo 200 mahali pamoja. Alale mtu chini ya sakafu hio? Mimi silali.

Yeye ndo aliefaa mkeka. Ghorofani hakuna unyevu wa ardhi, kwa hivyo ile plastiki ilotuozea Majengo kwake inakaa raha mustarehe. Tuliziba mashimo kwa chokaa na mchanga, si simiti, simiti ni ngumu mno kwa sakafu ile inakuja kutengana, tukangoja ikauke sawasawa, tukatandika kipande kimoja kizima kinene chenye sponji chini, hatukukigandisha isipokuwa mlangoni, na jiko zima halikufika kilo 30. Na kama uko Mji wa Kale na unafikiria kugusa boriti zenyewe ama kubomoa, pita kwanza ofisi ya uhifadhi ilio chini ya Makumbusho, lile ni eneo la hifadhi.

Sasa dukani

Ukishajua ya chini, dukani hukai sana. Ikiwa sakafu ina unyevu ama chumvi, ama ni jiko la kumwaga maji, ama munapikia jiko la makaa ndani, nunua taili za ukweli, za posileni ukiweza, maana posileni inanyonya maji chini ya asilimia 0.5 na unyevu hauiozeshi. Chumvi inaweza kutokea kwenye mistari ya grauti, kweli, unaifagia, maisha yanaendelea. Kaa la moto likidondoka unaliokota. Likidondoka kwenye plastiki unapata shimo la kahawia ambalo kila mgeni ataliuliza.

SPC ni ya pale kama kwa dadangu Tudor: ghorofa ya 3, slebu kavu, kadi 3 tu ziliingia chini ya bapa, amepanga na siku akihama anabandua anaondoka nazo. Hii ni unga wa mawe na plastiki umeshindiliwa, maji hayaiharibu yenyewe, zipo za sura ya taili mpaka na mstari wa grauti umechongwa. Lakini imeelea, haijagandishwa, kwa hivyo maji ya ndoo yanapenya pembeni chini ya skatingi yanakaa kule, na yanayokaa yananuka. Dadangu anapangusa kwa mopu ilokamuliwa. Nyanyangu ukimpa mopu ilokamuliwa atakuuliza kama wewe ni mgonjwa. Acha nafasi ya milimita 8 mpaka 10 ukutani kote ifunikwe na skatingi, joto likipanda inatanuka, na usifunge kabati za jikoni juu yake zikaibana. Angalia ngozi ya juu, ile ya kuvumilia kusuguliwa, si unene wote: milimita 0.3 inatosha nyumba ya kawaida, 0.5 kama kwako ni shughuli kutwa. Muuzaji atakutajia unene wote kwa sababu namba ni kubwa. Na usiweke kikanyagio cha mpira juu ya vinili yoyote ile, inatoka doa la manjano halitoki tena.

Mkeka wa kuviringisha mwingi unakuja upana wa mita 2, kwa hivyo jiko la futi 9 litakuwa na maungio, uliza kama kuna roli pana zaidi. Na mkeka mwembamba unaonyesha kila kitu cha chini, ukiuweka juu ya taili za zamani baada ya miezi utaiona ile mistari ya zamani imejichora juu ya picha ya mistari mipya, kichwa kinakuuma ukiangalia.

Taili za stika: kwenye ukuta juu ya sinki, haya. Chini, hapana.

Na kuna ya 5 ambayo watu wameisahau. Baraza ya nyanya ina niru nyekundu ilochorwa mistari kwa uzi simiti ikiwa bado laini, viraba vya futi moja moja, ukipita mbio unadhani ni taili. Imekaa pale kabla mimi sijazaliwa. Kama sakafu yako ni imara na pesa hamna, tafuta fundi mzee anaejua kuitia rangi na kuichora, inavumilia unyevu kuliko plastiki yoyote na ni sura ya taili vile vile. Shida ni kupata huyo fundi.

Rangi, utelezi na mambo ya mwisho ya dukani

Kung'aa usikutake. Jiko la Mombasa lina mafuta hewani, tui, samaki, bajia, na sakafu inayong'aa ikipata tone la mafuta na maji ni barafu. Tafuta ya mati, na kama boksi limeandikwa alama ya utelezi chukua R10 kwenda juu. Zikiandikwa PEI, ile alama ya kuvumilia kusuguliwa, 3 ama 4 inatosha. Lakini ile yenye mabonde mabonde mengi pia uiogope, uchafu wa masizi unakaa mle, utasugua kwa mswaki. Mimi hulowesha kidole mate nikaisugua taili pale pale dukani, muuzaji aniangalie anavyotaka.

Grauti nyeupe usiweke. Bizari ya manjano ikimwagika mara moja tu imekwisha, mstari unabaki wa dhahabu milele. Weka ya kijivu, ya katikati, si nyeusi sana maana kwenye nyeusi chumvi inaonekana kama chaki.

Zile za maua, zinazoiga taili za nyumba za kale, ni nzuri lakini toa taili kutoka maboksi 3 tofauti uzipange chini, uone picha inajirudia vipi na rangi ni moja. Kwenye boksi kuna namba ya loti, hakikisha zote ni loti moja, kwa sababu ukija kuongeza baada ya mwezi meli nyengine ishashuka na ile nyeupe yako si nyeupe yao. Chukua 2 uziweke uso kwa uso, zikitikisika zimepinda, badilisha.

Hesabu yetu ilikuwa hivi: futi 9 kwa 10 na nusu ni skwea mita 8.78, ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika inakuwa 9.66. Ningechukua za 60 kwa 60, zile za 4 kwa boksi, kila boksi linatoa skwea mita 1.44, ningehitaji maboksi 7. Nlichukua za 30 kwa 30, kila skwea mita ni taili 11 na kitu, kwa hivyo tulinunua 108 pamoja na za kuvunjika. Na kama una ufa wa kufuata kama wetu ongeza 15 si 10. Bei siandiki, ukisoma itakuwa ishapanda.

Siku ya fundi

Kaa pale. Si kwamba mafundi ni wabaya, lakini kuna mtindo mmoja lazima uukatae mapema, ule wa kuweka vidonge 5 vya simiti nyuma ya taili, pembe 4 na katikati, halafu anaigonga kwa nyundo ya mpira ikakaa sawa. Juu inapendeza. Chini ni pango. Sasa jikoni kuna kinu, na kinu kina mchi, na mchi wa mvule ukianguka kwa ncha pale juu ya pango taili inapasuka nyota. Mwambie gundi itandazwe yote kwa mwiko wa meno, na taili nayo ipakwe nyuma, halafu kila taili ya 10 hivi inuliwe ikiwa mbichi uone kama gundi imeshika mgongo mzima. Atanuna. Mpe chai na mahamri, lakini ainue.

Aanze kupanga kavu kutoka mlangoni pale jicho linapofika kwanza, vipande vilivyokatwa vijifiche chini ya kabati. Kabla ya grauti mwaga ndoo tena, maji yaende tunduni. Siku ya kwanza msikanyage, na grauti ingojee mpaka gundi imekauka kama ilivyoandikwa kwenye mfuko, huyu wetu alitaka kumaliza siku moja kwa sababu ana kazi Mtwapa kesho yake, nlimwambia aende Mtwapa atarudi. Pale sakafu inapokutana na ukuta usitie grauti, tia silikoni.

Na zilizobaki usimpe jirani. Sisi zilibaki 4 nzima, nyanya akazifunga na leso ya zamani akaziweka uvunguni mwa kitanda chake na kile kipande cha boksi chenye namba ya loti. Mchi ushaanguka mara 2 mbele yangu, bado leso hatujaifungua.